SOMO LA AFYA: KWA NINI UNENE UMEZIDI KWA KINA MAMA WA SIKU HIZI?

Katika somo la leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo tunaliona kila siku lakini tunalitaja kwa mzaha tu, nalo ni unene wa kina mama. Mama mnene huitwa bonge, huitwa tipwatipwa, naye hucheka pamoja na wanaomcheka. Akifika nyumbani huyapaka magoti yake dawa na kulala. Mimi mwenyewe ni mmoja wa kina mama hao, na dawa za shinikizo la damu nazimeza kila asubuhi. Kwa hiyo haya ninayoandika siyaandiki ili kumnyoshea mtu kidole.

Swali letu ni hili: kwa nini? Wengi hujibu upesi kwamba sababu ni ulafi na uvivu. Nilifundisha walimu kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba jibu linalokuja upesi hufaa kuchunguzwa kabla ya kutiwa alama ya vema. Basi tulichunguze pamoja.

1. Unene tunaouzungumzia ni upi?

Si kila mama mwenye mwili ni mgonjwa. Wako watu wenye mifupa mipana na misuli, na wako wembamba wasio na afya. Ndiyo maana wataalamu wakatafuta kipimo. Asili yake ni hesabu ya Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji aliyeishi katika karne ya 19. Chukua uzito wako kwa kilo. Chukua urefu wako kwa meta na uuzidishe kwa urefu huo huo. Kisha gawanya uzito kwa jibu ulilopata. Ukipata kati ya 18.5 na 25, uzito wako unafaa. Ukifika 25, uzito umezidi. Ukifika 30, huo ni unene uliokithiri, ambao wataalamu wetu wa lishe wameupa jina la kiribatumbo.

Tuchukue mfano. Mama ana urefu wa meta 1.60. Meta 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Ukizidisha 2.56 kwa 25 unapata 64, na ukizidisha kwa 30 unapata karibu 77. Basi mama huyu akifikisha kilo 64 uzito wake umeanza kuzidi, na akifikisha kilo 77 amekwisha kuingia katika kiribatumbo.

Asiye na mizani atumie kamba. Pima urefu wako toka unyayo hadi utosi, kata kamba hapo, ikunje katikati mara moja, kisha izungushe kiunoni. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, mafuta yamezidi tumboni, na mafuta ya tumboni yana hatari kuliko ya mapajani au ya makalioni, kwa sababu huzunguka ini na viungo vingine vya ndani. Mama mjamzito hatumii vipimo hivi. Yeye hupimwa kliniki.

2. Hesabu zinasema nini?

Nchini kwetu kila baada ya miaka kadhaa hufanyika utafiti wa hali ya watu na afya. Mwaka 2004–05, katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito, pamoja na wale wenye kiribatumbo, walikuwa 18. Mwaka 2010 walikuwa 22. Mwaka 2015–16 walikuwa 28. Katika utafiti wa mwaka 2022, kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, walikuwa zaidi ya mmoja katika kila watatu. Wanaume wa umri huo walikuwa karibu nusu tu ya kiwango hicho.

Tena utafiti wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba mijini waliozidi uzito walikuwa 42 katika kila wanawake 100, na vijijini walikuwa 21. Duniani nako hali ni hiyo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, wanawake wazima wenye unene uliokithiri walikuwa zaidi ya milioni 500, na wanaume karibu milioni 375.

Sasa turudi kwenye lile jibu la ulafi na uvivu. Kama ndiyo sababu, basi itatubidi tuamini kwamba ulafi wa wanawake wa Tanzania uliongezeka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 11. Itatubidi tuamini pia kwamba dada aliyehamia mjini ni mlafi mara mbili ya dada yake aliyebaki kijijini, ingawa wamenyonya titi moja. Hayo hayaingii akilini. Mioyo ya kina mama haikubadilika. Kilichobadilika ni maisha yanayowazunguka. Hebu tuyatazame mabadiliko hayo moja moja.

3. Sababu ya kwanza: mwili umepunguziwa kazi

Mimi ni mzaliwa wa Ukaguru, ingawa Kihonda nimekaa miaka mingi. Mama yangu aliamka kabla ya jogoo. Alikwenda mtoni, akarudi, akatwanga mahindi kwenye kinu, akayapepeta, akayatwanga tena. Kisha akaenda shambani na mtoto mgongoni, na jioni akarudi na mzigo wa kuni kichwani. Hakuna siku niliyomsikia akitaja neno mazoezi, kwa sababu siku yake nzima ilikuwa mazoezi.

Hata leo, ukisimama mjini asubuhi utawaona kina mama wa Kiluguru wakiteremka toka Choma na Morningside na matenga ya mboga na ndizi kichwani, wakielekea sokoni Mawenzi. Mlima ule wanaushuka na mzigo, na baadaye wanaupanda tena kurudi kwao. Wanakula ugali mkubwa, lakini si rahisi kumwona mnene kati yao.

Sasa mtazame binti wa mama huyo aliyeolewa huku Kihonda. Maji yako bombani uani. Mahindi yanasagwa kwa mashine, au hununua unga uliokwisha kufungwa. Anapika kwa gesi au kwa mkaa ulioletwa mlangoni. Akienda sokoni hupanda bajaji au bodaboda. Kazi yake ni kuuza genge, au duka, au kushona, au kukaa ofisini, na zote hizo hufanywa umekaa. Jioni anatazama tamthilia.

Sisemi turudi kwenye kinu. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na shingo za mama zetu ziliumia kwa ndoo hizo. Tulilia tupatiwe bomba na mashine, na tulipopatiwa tulimshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba mzigo ukitoka kichwani, sahani nayo yafaa ipungue. Tumepunguza kazi ya mashine tatu na mafuta tunatia yale yale, tena tumeongeza.

4. Sababu ya pili: chakula chenyewe kimebadilika

Walio na umri wangu watakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980. Sukari, mafuta ya kula na sabuni vilikuwa adimu. Tulipanga foleni kwenye duka la kaya, na aliyerudi na nusu kilo ya sukari alirudi akiimba. Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na bidhaa zikarudi madukani. Leo hata mwenye fedha kidogo hununua sukari ya kupima na mafuta ya kupima. Mambo yaliyokuwa ya sikukuu yamekuwa ya kila siku: chapati, maandazi, vitumbua, sambusa, soda, na chipsi mayai kando ya kila barabara.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Mafuta hayana rangi ya kutisha. Yakishaingia katika mchuzi au katika chapati huyaoni tena, na mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ametia vijiko vingapi.

Sasa tufanye hesabu ya chai. Mama anakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vidogo vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko tisa. Kijiko kilichosawazishwa kina gramu 4, kwa hiyo amekula gramu 36, nazo ni kalori 144 hivi. Akinywa na soda moja ya chupa ya mililita 350, ameongeza kiasi cha vijiko vingine tisa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya kalori zetu. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni vijiko 12 hivi kwa siku, na vizuri zaidi visipite sita. Mama wetu amefika 18, na keki ya ubarikio hatujaikata bado.

Kalori zinazozidi hazipotei. Mwili huziweka akiba, na akiba yake ni mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa hiyo ziada ya kalori 100 tu kila siku ni kalori 36,500 kwa mwaka, na kwa karatasi hizo ni zaidi ya kilo nne. Mwili hauendi sawasawa na karatasi, kwa maana unavyoongezeka uzito ndivyo unavyotumia zaidi, hivyo ongezeko halisi huwa pungufu ya hapo. Hata hivyo mnaona jinsi mtu anavyoweza kunenepa bila hata mara moja kula kwa pupa. Vijiko sita vya sukari vinatosha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba unene huu hauna maana ya shibe njema. Utafiti ule ule wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nyumba moja unaweza kukuta mama aliyezidi uzito na mtoto aliyedumaa. Wote wawili wanakula sembe iliyokobolewa, chai ya sukari na maandazi, na wote wawili wanakosa maharage, dagaa, mboga na matunda. Nasi tunakaa Morogoro, ambako machungwa, ndizi na mapapai hupita mbele ya milango yetu yakipelekwa Dar es Salaam!

5. Sababu ya tatu: mwili wa mwanamke na nafasi yake nyumbani

Sababu mbili za kwanza zingewanenepesha wanaume na wanawake sawasawa. Kwa nini basi wanawake wazidi?

Kwanza ni maumbile. Mungu alimwumba mwanamke awe na akiba ya mafuta kuliko mwanamume, ili aweze kubeba mimba na kunyonyesha hata wakati wa njaa. Katika mimba mama mwenye afya huongezeka kilo 10 au zaidi, na hiyo ni haki yake. Shida huja baadaye. Mzazi wetu hukaa ndani siku arobaini akinyweshwa uji, mtori na supu, asiguse kazi. Zamani siku ya arobaini na moja alirudi shambani, na mwili ukajirudia wenyewe. Leo anarudi kwenye kiti cha dukani, na kilo tatu au nne za uzazi huo hubaki. Mtoto wa pili huacha zake, wa tatu zake. Tena ukifika ukomo wa hedhi, homoni hubadilika, misuli hupungua, na mafuta huhamia tumboni.

Pili ni jiko. Mama ndiye anayeonja, ndiye anayemaliza alichoacha mtoto kwa sababu chakula hakitupwi, ndiye anayengoja baba arudi saa nne usiku ili asimwache ale peke yake, halafu analala tumbo likiwa limejaa. Mgeni akija, mama hula naye kwa heshima hata kama amekwisha kula.

Tatu ni nafasi. Kijana wa kiume hucheza mpira jioni, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Mama akitembea barabarani alfajiri kwa ajili ya mwili wake tu, bila ndoo wala kikapu, ataulizwa anakwenda wapi, na nyumbani ataulizwa chai iko wapi. Siku hizi vipo vikundi vya kukimbia ambavyo na kina mama wamo, na nawapongeza. Lakini wengi wetu bado tunaona aibu.

6. Sababu ya nne: heshima na maneno

Sababu hii ndiyo kubwa kwangu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Katika nchi iliyojua njaa, unono ulikuwa alama ya baraka. Kwa Waluguru, na kwa Wazaramo pia, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Alilishwa vizuri na kuepushwa na jua na jembe, na siku ya kutolewa watu walimtazama alivyonawiri. Wala si kwetu peke yetu. Huko Mauritania wasichana walilazimishwa kunywa maziwa mengi ili wanenepe waolewe, na kwa Waefik wa Calabar nchini Nigeria kulikuwa na nyumba ya kumnenepesha bibi arusi. Mpaka leo bibi arusi wetu akionekana baada ya miezi sita amenenepa, tunasema, "Ametunzwa." Akikonda tunamtazama mume wake kwa jicho baya.

Kisha likaja pigo jingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera, na miaka iliyofuata tulizika watu waliokonda mno. Tangu hapo wembamba ukawa na neno lake la kunong'onezwa. Mama aliyenenepa alikuwa amejitangaza kwamba yu salama, na aliyepungua alikuwa amejishtaki.

Nina mdogo wangu wa kike. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 35, muuguzi alimwambia kwamba uzito wake umezidi na damu yake imeanza kupanda. Mdogo wangu alitii. Aliacha soda, akapunguza wali, akawa anatembea kwa miguu kwenda kazini. Kwa muda wa mwaka mmoja alipungua kilo 12, na damu ikatulia. Lakini mtaani wakaanza kumtazama. Jirani mmoja alimletea pole. Mwingine akauliza shemeji yetu hali yake ikoje. Katika msiba wa ndugu yetu, shangazi zangu waliniita pembeni na kuniambia, "Wewe ndiwe mkubwa, zungumza naye."

Nikazungumza naye. Mimi, mwalimu niliyefundisha elimu ya lishe darasani, nilimwambia, "Mdogo wangu, watu wanasema. Kula kidogo mwili urudi." Sikumwuliza damu yake inasemaje. Nilitaka maneno yakome. Akala, mwili ukarudi, na maneno yakakoma. Tukamsifu kwamba amependeza.

Mwaka 2016 alipatwa na kiharusi. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno humtoka kwa shida. Nimemwomba msamaha, naye alinishika kwa mkono wake wa kushoto. Siwezi kusema kwa hakika kwamba asingeugua kama ningenyamaza, maana shinikizo la damu lina sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba alikuwa katika njia njema, nami nilimrudisha.

Ndugu msomaji, sisemi kila kupungua ni kwema. Mtu akipungua bila kukusudia, akiwa na kikohozi, homa au kiu isiyoisha, aende hospitali apimwe. Kipimo cha UKIMWI kipo, na dawa za kufubaza virusi zinatolewa bila malipo katika vituo vyetu tangu mpango wa taifa ulipoanza mwaka 2004. Shaka huondolewa na kipimo. Mnong'ono haujamponya mtu.

7. Madhara, na habari njema

Unene uliozidi huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na kiharusi. Huongeza pia saratani ya mji wa mimba, na saratani ya matiti kwa waliokwisha kukoma hedhi. Magoti huchakaa, na uzazi huwa na matatizo zaidi.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu awe kama alivyokuwa akiwa msichana. Utafiti uliofanyika Finland, uliotolewa mwaka 2001, na mwingine wa Marekani wa mwaka 2002, uliwafuata watu wenye uzito uliozidi waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliobadili ulaji, wakatembea na kupungua kiasi kidogo tu, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Mama wa kilo 90 akipungua kilo tano hivi, na asizirudishe, amefanya jambo kubwa.

8. Tufanye nini?

(a) Sukari ipungue polepole. Toa kijiko kimoja katika kila kikombe, ngoja wiki tatu, kisha toa kingine. Ulimi huzoea.

(b) Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Chapati na maandazi virudi kuwa vya sikukuu.

(c) Sahani igawanywe. Nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali au wali, robo iwe maharage, samaki au nyama. Ugali wa dona hushibisha zaidi ya sembe.

(d) Tutembee. Ushauri ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, kwa mwendo wa kuharakisha. Kina mama wawili wakienda pamoja, aibu huisha.

(e) Akina baba, jambo hili ni lenu pia. Mrudi mapema mle, mwashike watoto asubuhi mama atembee nusu saa, na msimlinganishe mkeo na mke wa mtu.

(f) Sisi kanisani tujisahihishe. Katika vikao vyetu, na katika mikutano ya Umoja wa Mama, tumezoea soda na maandazi. Tuweke maji na machungwa. Mtu akisema, "Asante, nimeshiba," tusimlazimishe, wala tusione kwamba ametudharau.

(g) Tuepuke vidonge na chai za kupunguza mwili zinazouzwa mitaani. Wajawazito wasijinyime chakula. Wanaotumia dawa za kisukari au za damu wamwone daktari kabla ya kubadili ulaji.

Nilipokuwa mtoto, mwaka 1973, palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika kusikiliza redio na kusoma vitabu vidogo, na kwa kuwa mama yangu hakujua kusoma, mimi nilimsomea. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wakati ule somo lilikuwa tule zaidi na tule vizuri, maana adui alikuwa utapiamlo wa njaa. Lilikuwa somo la kweli kwa siku zile. Siku zimebadilika, nasi tunaendelea na sura ile ile ya kitabu. Imetupasa kufungua sura mpya, na kama wakati ule, tuisome pamoja katika vikundi, bila mtu kumcheka mwenzake.

Kitu kimoja ninawaomba kabla ya vyote. Ukikutana na mama aliyepungua kidogo, na macho yake yana nuru na mwendo wake ni mwepesi, usimwambie, "Mbona umekonda, unaumwa?" Mwulize habari za nyumbani, umwache apite.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja kazi tano alizofanya bibi yako kwa mwili wake, ambazo wewe hufanyiwa na mashine au chombo. Je, umepunguza nini katika sahani yako?

2. Hesabu vijiko vya sukari unavyokula kwa siku moja, ukijumlisha na vya soda. Umepata vingapi?

3. Mama ana urefu wa meta 1.50 na uzito wa kilo 63. Je, uzito wake umezidi? Onyesha njia.

4. Ni maneno gani tunayowaambia wanaonenepa na wanaokonda? Yapi yanajenga, na yapi yanabomoa?

5. Katika mtaa wenu, ni wakati gani na ni njia ipi ambayo kina mama wanaweza kutembea kwa usalama? Nani atabaki na watoto?

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro.